Sabini Ipi?

Mtu akianza kuniambia "miaka ya sabini", mimi humkatiza hapo hapo. Sabini ipi, bwana? Ile ya mwanzo, vijana wamefuga nywele na suruali zinafagia njia? Ile ya katikati, tunapanga foleni ya unga wa njano na kulala chini ya turubai? Au ile ya mwisho, wanaume wako vitani Kagera na kipande cha sabuni kinafichwa kabatini? Watu wanaitaja sabini kana kwamba iliingia asubuhi moja imevaa bugaluu la miguu mipana, ikakaa miaka kumi haijabadili nguo, halafu ikaaga. Upuuzi mtupu. Nguo hizo nilizishona mimi, Generoza, kwa cherehani yangu hii hii, na hakuna mtindo hata mmoja uliodumu misimu mitatu.

Aliyenitia ugonjwa huu wa kubishana ni mume wangu, Apolinari, manju wa ngoma hapa Didia. Kwa wasioujua Usukuma, manju ndiye mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa kundi la wachezaji. Pamba ikishavunwa, makundi mawili hukutana uwanja mmoja na kupiga ngoma kwa wakati mmoja, hili huku na hili kule. Hakuna jaji wala kikombe. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao: wanahama, wanarudi, wanahama tena, na jua likikaribia kuzama, manju aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Katikati ya ngoma manju hao hutupiana maneno kwa nyimbo, na ukirushiwa neno la kuchoma lazima ujibu papo hapo. Ukikosa jibu, hata wanawake kisimani watakuimba mwaka mzima.

Mwaka wa sabini na tisa Apolinari alishindwa vibaya. Mpinzani wake, Mageni, aliwavuta watu wote, akatuachia katekista wetu na mbwa wa jirani. Tangu siku hiyo mume wangu akawa hakaliki naye. Ukimpa ugali, anapiga kijiko kwenye sahani kutafuta mdundo. Ukimsemesha, anakujibu kwa wimbo. Jumapili anapokea komunyo, Jumatatu anakwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kuvuta watu uwanjani, na nikimuuliza ananiambia kila kitu kina siku yake. Haya, baba, endelea.

Basi mwaka wa themanini, pamba inaanza kupasuka, Donatus akarudi. Donatus alikuwa mchezaji wetu, kijana mwenye mabega mapana, aliyekwenda Geita kuchimba dhahabu na kukaa huko miaka. Alikuja na redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili, akaitua kwenye kigoda changu bila hata kuniomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kigoda nilikuwa nakalia mimi."

"Samahani, mama. Lakini hii ikikaa chini inaingia vumbi." Halafu akamgeukia mume wangu. "Mzee, nimesikia ya mwaka jana. Mnashindwa kwa sababu mnacheza mambo ya sabini. Sabini imekwisha. Huko kwenye maduara ya dhahabu hakuna mtu anayeitaja tena. Sasa ni themanini."

Nilidhani Apolinari atakasirika. Wapi! Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Imekwisha?" akasema. "Basi tuiage! Wimbo mmoja, miaka kumi yote ndani. Kila mtu aje ajione alivyokuwa. Nani atabaki kwa Mageni akisikia anaimbwa yeye?"

Wazo lilikuwa zuri, sikatai. Mume wangu ana mengi ya kuudhi, lakini kichwa cha kutunga anacho. Nikafurahi hasa, tena kwa sababu yangu mwenyewe, maana nilikuwa na jambo moja nililotaka lisikike katika wimbo huo. Nitalisema.

Wachezaji wakakusanyika uani kwangu mchana mmoja kupanga huo wimbo, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Donatus alikuwa ameleta jora zima la tetroni nyeupe, lililopita njia za magendo nisizotaka kuziuliza. Apolinari akalipiga kofi.

"Bugaluu," akasema. "Kila mchezaji bugaluu. Sabini ni bugaluu."

"Na afro," akasema Athanas, mpigaji wetu wa ngoma kubwa. "Tuvae manywele ya katani, makubwa hivi."

"Na viatu vya raizoni vyenye soli nene," akasema Herman, ambaye hajawahi kumiliki kiatu cha raizoni maisha yake yote. Aliazima cha shemeji yake siku moja ya arusi, akaanguka nacho mbele ya padri.

"Na kaseti," akasema Donatus. "Tunacheza huku kaseti inalia."

Nikaacha kuchambua mchele. "Ngojeni kwanza. Mnaimba mwaka gani?"

"Sabini, mama."

"Sabini ina miaka kumi. Mnapovaa bugaluu, kaseti hapa Didia iko wapi? Tulikuwa na redio ya mbao moja, ya mwenyekiti, tunakwenda kuisikiliza kwake tumekaa chini. Kaseti imekuja juzi, na wewe Donatus ndiye uliyeileta. Na kaseti ilipofika, nani alikuwa bado na bugaluu? Wanaume walikuwa wanavaa suti za Kaunda kwenda kwenye mikutano ya chama, na wasio na Kaunda wanavaa viraka."

"Afro ilikuwepo mpaka mwisho," Athanas akasema. "Mimi nilikuwa nayo mwaka wa vita."

"Mwaka wa vita hapakuwa na sabuni! Afro bila sabuni, ungefuga nini humo ndani? Wewe mwaka huo ulinyolewa kwa wembe na mama yako, mimi nimeshika beseni."

Watu wakacheka, Athanas akashika kichwa chake utadhani nywele zimetoka upya. Lakini Apolinari hakucheka. Alinitolea macho.

"Mama Alois, hii ni ngoma. Hatuandiki kitabu cha historia. Watu wanataka kuona kitu kimoja waseme, aha, sabini hiyo. Ukianza kuwavalisha mara hiki, mara kile, hawataelewa wanaagwa nini."

"Wataelewa. Walikuwepo."

"Miaka kumi ni miaka kumi. Mambo hayakubadilika hivyo."

"Hayakubadilika?" Nikaweka ungo chini. "Kwako hayakubadilika?"

Akajitia anakagua jora la kitambaa. Wachezaji wakatazama chini, maana walijua ninachosema, na wewe unayenisikiliza sitakuficha.

Tulikuwa na mtoto wa kwanza, msichana, anaitwa Theopista. Alizaliwa sabini yenyewe inaanza. Katika miaka hiyo ya bugaluu watu wote waliniita Mama Theopista, naye Apolinari ni Baba Theopista. Ikaja Operesheni, mwaka wa sabini na nne, watu wote watoke kwenye miji yao ya zamani waje kukaa pamoja vijijini. Tulibomoa nyumba yetu wenyewe, tukapakia mlango na mabati kwenye lori, tukashushwa hapa Didia penye vigingi na nyasi. Wanaume waliamriwa kwenda porini kukata miti ya kujengea. Apolinari akaenda nao. Mimi nikabaki chini ya turubai na mtoto, na mtoto akashikwa na surua. Mwaka ule ulikuwa wa njaa vilevile, mwili wake haukuwa na akiba. Baba yake aliporudi na miti mkokoteni, alimkuta amekwisha vikwa kwa ajili ya kaburi.

Nilimvika nini? Dukani hapakuwa na kitambaa hata cha kufungia kidonda. Kwenye sanduku la mavazi ya ngoma kulikuwa na bugaluu jeupe la Apolinari, lile alilolipenda kuliko roho yake. Nikalifumua, nikalishona upya kwa mkono, kwa sababu cherehani ilikuwa chini ya mizigo. Bugaluu liliishia hapo katika nyumba yangu. Ndiyo maana mtu akiniambia watu walivaa bugaluu miaka kumi yote, namwona anatembea juu ya kaburi la mwanangu bila kutazama chini.

Baada ya hapo watu wakaanza kuniita Mama Alois, kwa mdogo wake aliyefuata. Waliona wananihurumia. Na Apolinari, huyu mtunzi wa nyimbo, huyu anayeweza kuimba hadi kuhusu jembe lililovunjika mpini, hakutaja tena jina la Theopista. Si kwangu, si kanisani, si popote. Miaka sita. Nikianza kulitaja mimi, anakumbuka ana ng'ombe wa kumtazama.

Sasa unaelewa nilitaka nini. Nilitaka kama wimbo unaaga miaka kumi, basi mwaka ule nao uagwe. Ataje jina la mtoto, basi. Kumshinda Mageni hakukunihusu hata chembe.

Jioni, wachezaji wameondoka, nikamfuata zizini.

"Sabini na nne umeiwekaje?"

"Iko."

"Iko vipi? Niimbie."

Akakohoa, akaimba kidogo kidogo, huku anamkuna ng'ombe. Kwa Kisukuma inapendeza masikioni, kwa Kiswahili ni hivi: sabini na nne, twahama kwa lori, bugaluu langu lafagia vumbi la Operesheni.

Nilikuwa natafuta tusi ambalo mke Mkristo anaweza kumtukana mumewe, sikulipata.

"Bugaluu gani?" nikasema. "Apolinari, bugaluu gani lililofagia vumbi? Si unajua liko wapi?"

"Ni wimbo tu, mama."

"Nakuuliza liko wapi."

"Watu wanakuja kufurahi," akasema, na sauti yake ilikuwa inaomba, hilo nalikubali. "Wamechoka. Wametoka vitani, wametoka kwenye njaa. Ukiwaimbia msiba watahamia kwa Mageni, na wana haki. Niachie."

"Basi mwaka huo uruke kabisa. Usiuimbe."

"Siwezi kuruka. Miaka kumi ikibaki tisa watahesabu."

Mnaona? Hawezi kuuimba na hawezi kuuruka, kwa hiyo ameuvalisha suruali ili ufanane na mingine. Nikamwambia aondoke mbele ya macho yangu. Akaniambia zizi ni lake. Nikaondoka mimi.

Mabugaluu ya wachezaji niliyashona. Mnashangaa? Kuyashona kulikuwa na amani kuliko kumsikiliza akiniomba. Lakini niliwaambia wazi wale vijana: wimbo ukifika sabini na nne, yavueni, ndani muwe mmevaa magunia, kama tulivyovaa. Vijana wakalipenda. Apolinari akakataa, eti manju na watu wake hawavui suruali mbele za watu. La kwake mwenyewe nilikataa kulishona. Nilimwambia vidole vyangu havina nguvu hiyo mara mbili. Akalipeleka kwa fundi wa mjini Shinyanga, likarudi mguu mmoja mpana kuliko mwingine, na nilipoliona nilifurahi kabisa.

Donatus naye alikuwa na taabu zake. Mawe mapya ya redio hayakupatikana popote. Kila asubuhi aliyapanga yale yaliyochoka juu ya bati la jikoni kwangu yapate jua, akiyageuza geuza na kuyang'ata pembeni eti yapate nguvu. Nikamwambia themanini yako hiyo inaota jua na mihogo yangu. Akaniambia, "Mama, utaona."

Siku ya ngoma watu walijaa uwanja wa mnada kuanzia asubuhi. Walikuja kwa baiskeli, kwa mikokoteni, kwa miguu kutoka vijiji vya mbali. Mageni alikuwa upande wa mashariki na kundi lake, mwanamume mfupi mwenye kifua na sauti ya kuita mvua. Sisi magharibi. Mimi nilikuwa pembeni yetu na sufuria la togwa, nawagawia wachezaji na kuwagombeza kwa zamu.

Nisiwe mchoyo wa sifa, tulianza vizuri. Ngoma zilipolia na wale vijana wakatoka wamevaa meupe, miguu ya suruali inapepea, manywele ya katani yanatikisika, watu walipiga kelele. Mzee mmoja alikuwa anapiga mapaja yake anasema, "Ni sisi! Tulikuwa hivi!" Sabini, sabini na moja, sabini na mbili, sabini na tatu. Aliimba redio ya mwenyekiti, aliimba santuri za dukani, aliimba zile siku tulipofundishwa kwa redio kuchimba vyoo na kuchemsha maji, watu wakacheka mpaka wakalia. Upande wa Mageni ukaanza kupungua. Waliokuwa wanakwenda huko walikatisha njiani na kurudi. Nilimtazama Apolinari anavyong'aa, jasho linamtiririka, suruali imepinda, na niseme kweli, nilimpenda. Hasira ilikuwepo vilevile, lakini nilimpenda.

Wimbo ukiwa bado sabini na tatu, Donatus akawasha kaseti yake, miaka mingi kabla haijafika Didia. Nikasonya. Ikalia kidogo, ikaanza kunguruma kwa sauti ya ng'ombe aliyelala, ikanyamaza. Hakuna aliyejali, ngoma zilikuwa zimechemka.

Ikafika sabini na nne. Akaimba ule ubeti wake, lori, vumbi, bugaluu, akainua mguu na kuzungusha ule mguu mpana wa suruali, na watu wakashangilia. Walishangilia mwaka ule! Niliwaza kumwaga togwa lote na kwenda nyumbani. Nilikuwa nimekwisha inama kuchukua kanga yangu.

Hapo ngoma za Mageni zikanyamaza ghafla. Manju akinyamazisha ngoma zake, watu wanajua anataka kurusha neno. Hata wetu wakapunguza mkono. Mageni akasimama katikati ya uwanja, akaimba kwa taratibu ili hata wa nyuma wasikie.

"Apolinari, ndugu yangu, wewe mwaka wa njaa ulivaa bugaluu? Sisi wenzio tulivaa magunia ya unga wa njano. Tulikula mizizi, tulizika wazee. Lako lilikuwa wapi hilo bugaluu, mbona hatukuliona? Tuonyeshe lilipo, ndugu, na sisi tukalivae."

Uwanja mzima ulilipuka. Ilikuwa kweli, na walijua ni kweli, na walikuwa wameona aibu kidogo kwa kushangilia. Mageni alikuwa mtu wa kijiji kingine, hakujua chochote kuhusu sisi. Alitafuta tu mahali wimbo ulipodanganya, akapaona, kama ambavyo manju yeyote angepaona. Nilimwambia mume wangu tangu uani! Watu walikuwepo! Watu wakaanza kumiminika kwenda mashariki, wanacheka, wanaimba, "Tuonyeshe lilipo, tuonyeshe lilipo."

Wachezaji wetu wakamtazama Apolinari. Jibu lilitakiwa sasa hivi. Athanas alikuwa ameinua fimbo za ngoma hajui azishushe wapi. Herman akaanza kunong'oneza jibu la matusi kuhusu mama yake Mageni, Apolinari akamzuia kwa mkono. Alisimama na lile bugaluu lake lililopinda, anapumua. Nilijua uso ule. Ndio uso aliorudi nao kutoka porini, amesimama pembeni ya mkokoteni wa miti.

Akaimba. Hakuna ngoma iliyompigia, na sauti ilikuwa imekauka.

"Mageni, umeuliza lilipo. Nilikuwa nalo moja, jeupe. Sikulivaa mwaka ule. Alilivaa mwanangu. Mama yake alimshonea, nami sikuwepo. Liko pale nyuma ya kanisa, chini, ni la Theopista. Usiende kulivaa, ndugu yangu, halikutoshi. Mimi ni Baba Theopista."

Wale waliokuwa wanahama wakasimama pale pale walipokuwa. Mageni akavua kofia yake ya manyoya.

Na mimi? Miaka sita nimelala kitanda kimoja na mwanamume huyu nikimngoja ataje jina hilo, hata gizani, hata kwa kunong'ona, hata kwa kukosea. Yeye akaenda kulitaja mbele ya wilaya nzima, mimi nimeshika upawa wa togwa! Nilitaka kumpiga nao. Nilitaka kumkumbatia. Machozi yalikuwa yananitoka mpaka mdomoni na bado nilikuwa nasema kwa sauti, "Mjinga wewe, mjinga wewe," na mwanamke aliyekuwa karibu yangu akadhani namtukana yeye.

Apolinari alitaka kuendelea, akashindwa. Ubeti mmoja ulikuwa umemwishia. Alijua suruali na alijua kaburi, na katikati ya hivyo viwili hakujua kitu, kwa sababu hakuwepo na hakuwahi kuuliza.

Nikaweka upawa chini. Nikaingia uwanjani na kanga yangu yenye madoa ya togwa. Mwanamke haimbi mahali pa manju, najua, nilikuwa sina nafasi ya kujali. Nikasimama mbele ya mume wangu nikaimba, na mimi sauti sina, kila mtu Didia anajua.

Niliimba jinsi mtoto alivyopanda lori akiushikilia mlango wetu, akiuliza utafungukia wapi. Niliimba jinsi tulivyokaa chini ya turubai, mwili wake unawaka. Niliimba kwamba usiku ule wa mwisho aliniuliza jambo moja tu, kama baba amemaliza kujenga nyumba. Nami nikamwambia amemaliza.

Apolinari alinitazama. Miti ilikuwa bado mkokoteni siku ile, hata shimo la nguzo ya kwanza halikuwa limechimbwa, na yeye ndiye aliyeijua nyumba hiyo kuliko mtu yeyote. Akachuchumaa taratibu mpaka chini, akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

Na wale vijana waliovaa meupe wakafanya kile ambacho wachezaji hufanya ubeti ukiisha. Wakaupokea. Akaanza Athanas kwa sauti ndogo, wakafuata wengine, halafu na watu wa Mageni kutoka ng'ambo ya uwanja, na wale waliosimama katikati.

Amemaliza, wakaitikia. Amemaliza. Baba Theopista amemaliza kujenga.